Kisiwa Hufa kwa Kiu Kabla ya Kuzama

Juma hili nataka kuungama kosa nililolitenda darasani, kwa sababu naamini kuwa si langu peke yangu. Walimu wenzangu watanivumilia, na wanafunzi huenda wakanicheka kidogo. Yote ni heri.

Nilikuwa nikifundisha jiografia hapa Riruta Satellite. Ubaoni nilikuwa nimeandika majina ya Maldives, Tuvalu na Kiribati, na juu yake, kwa herufi kubwa, maneno VISIWA VINAVYOZAMA. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye si mwingi wa maneno, alinyanyua mkono, akasimama kwa adabu na kusema: "Samahani, Mwalimu. Sisi tuko juu. Bahari hata ikipanda namna gani haitafika Riruta. Mambo haya yanatuhusu nini, isipokuwa ni ya mtihani?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikatoa lile jibu ambalo walimu hulitoa tunapobanwa: kwamba dunia ni moja na wanadamu wote ni ndugu. Kijana akaketi. Uso wake ulionyesha dhahiri kuwa hakuridhika, na haki ilikuwa upande wake. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa baina ya Kawangware na Kibera, picha ya mnazi uliosimama katikati ya maji ni picha ya nchi ya watu wengine.

Jioni hiyo nilipokuwa nikirejea nyumbani kwa miguu kando ya Naivasha Road, nilipishana na mkokoteni wa maji. Mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka siku ya tatu, na mwenye mkokoteni alikuwa amepandisha bei ya mtungi, kama ilivyo desturi yao. Akina mama walikuwa wamemzunguka wakibishana naye. Nilipita bila kufikiri lolote. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba jibu la yule kijana lilikuwa juu ya mkokoteni ule.

Kosa langu lilikuwa katika neno lile "kuzama." Sisi tunaofundisha, na magazeti tunayoyasoma, tumezoea kuisimulia habari ya visiwa kana kwamba ni habari ya merikebu: leo kipo, kesho kimekwenda chini. Serikali ya Maldives yenyewe iliikuza picha hiyo Oktoba 2009, rais wa wakati huo, Mohamed Nasheed, alipofanya kikao cha baraza la mawaziri chini ya maji, mawaziri wakiwa wamevaa mitungi ya hewa. Mwaka 2021 Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, aliuhutubia mkutano wa dunia kuhusu tabianchi kwa njia ya video akiwa amesimama baharini, maji yakimfika magotini. Siwalaumu. Mnyonge asiyesikilizwa hana budi kupiga kelele kwa namna anayoijua. Lakini picha hizo zimetufanya tungoje jambo lisilokuja kwa namna tunayoingoja, na wakati tunangoja, jambo lenyewe linapita mlango wa nyuma.

Nitatoa mfano ambao wenye kukana habari ya ongezeko la joto wanaupenda sana. Mwaka 2018 wataalamu wa New Zealand wakiongozwa na Paul Kench walitoa utafiti uliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani baina ya 1971 na 2014. Walikuta kwamba eneo la nchi kavu la Tuvalu, likijumlishwa lote, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 2.9. Visiwa vya namna ile si mawe yaliyopigwa msumari. Mawimbi hula upande mmoja na kutapika mchanga upande wa pili. Basi wapo waliosema: Si mnaona? Ni uongo mtupu! Nao wamekosea kama nilivyokosea mimi, kwa kuwa wao na mimi tulikuwa tukipima kitu kile kile kisichotosha. Ukubwa wa ardhi haunyweki. Mtu haishi kisiwani kwa kuwa kuna mahali pa kusimama; anaishi kwa kuwa kuna maji ya kunywa.

Wenyeji wa pwani yetu walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya sayansi ya sasa. Katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Shela, yapo magofu ya mji wa Takwa. Ulikuwa mji wa Waislamu wenye msikiti wa jamii, nyumba za mawe na ukuta, ukastawi katika karne ya 15 na ya 16. Katika karne ya 17 watu wake waliuhama. Wengine hutaja vita na uhasama wa miji jirani, lakini sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Takwa haikuzama. Magofu yake yapo mpaka leo, na msikiti umesimama. Kilichokufa ni kisima. Wakazi walivuka wakaenda Shela, na hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kwenye kaburi la mnara, lenye tarehe ya mwaka wa Hijria 1094, kuomba mvua. Hawaendi kuomba bahari ishuke. Wanaomba mvua.

Sisemi kwamba Takwa iliangamizwa na ongezeko la joto duniani. Wakati ule hapakuwa na viwanda wala magari. Nasema kwamba Takwa inatuonyesha kisiwa hufa vipi.

Sasa naomba ruhusa ya kuingia darasani kidogo. Mvua inaponyesha juu ya kisiwa cha mchanga au cha matumbawe, maji hupenya chini na kukutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pande zote. Hayachanganyiki upesi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa takriban sehemu moja katika arubaini, kwa hiyo maji matamu huelea juu yake, yakiwa mazito katikati ya kisiwa na membamba pembeni, mfano wa chembe ya dengu. Hesabu yake ni nyepesi, nayo inatisha. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 chini yake. Ukiligeuza neno hilo utaona hatari: ukame au uchotaji wa kupita kiasi ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu, baada ya muda chumvi ya chini huwa imepanda kama mita 20. Mwenye kisima haoni kitu. Kamba ya ndoo yake ni ile ile. Siku moja mtoto anayanywa maji na kukunja uso.

Bahari nayo inasukuma kutoka chini. Ikipanda, maji matamu hutaka kupanda pamoja nayo, lakini kisiwa kikiwa cha chini hayana pa kwenda. Hufika usoni mwa ardhi yakatiririka au yakakauka kwa jua, na ile dengu hukonda. Bamvua kubwa likivunja ukingo na kumwaga maji ya chumvi juu ya ardhi, chumvi huingia kisimani kutoka juu, na pengine hupita misimu kadhaa ya mvua njema kabla ya kisima kutakasika. Mmomonyoko ukikipunguza kisiwa upana, dengu hukonda tena. Hivyo ndivyo nisivyofundisha siku ile.

Bahari hupanda kwa sababu mbili kuu. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyo juu ya nchi kavu, hasa ya Greenland, ya Antaktika na ya milimani, huyeyuka na kuingia baharini. Barafu ya Mlima Kenya, ambao huonekana kutoka Nairobi asubuhi zisizo na mawingu, ni kidogo mno kuiinua bahari, lakini kunyauka kwake ni ushahidi ambao mtoto wa Riruta anaweza kuutazama kwa macho. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 baina ya 1901 na 2018. Katika miaka 70 ya mwanzo kasi yake ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Baina ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7. Kufikia 2100 huenda ikapanda kwa sentimita 28 hadi 55 zaidi iwapo dunia itaacha upesi kuchoma makaa na mafuta, na kwa sentimita 63 hadi mita moja na sentimita moja iwapo itaendelea bila kujali.

Nimewahi kuulizwa na mtu mzima, tena msomi, sentimita 20 ni kitu gani katika pwani ambayo wakati wa bamvua maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita tatu. Swali ni zuri. Mtu aliyesimama katika maji yanayomfika kidevuni hasumbuliwi na kina chote kilicho chini ya kidevu. Kinachomuua ni sentimita chache za mwisho. Mji wa pwani umejengwa juu kidogo tu ya bamvua kubwa ambalo wazee walilikumbuka. Ukiinua kilele cha bamvua hilo, umeyageuza maji yaliyokuja mara moja katika kizazi kuwa mgeni wa kila mwaka.

Tuje sasa kwa visiwa vyetu wenyewe, ambavyo sikuviandika ubaoni hata kimoja. Kenya ina visiwa vya Lamu: Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vidogo vingine. Humo imo miji ambayo historia ya Kiswahili haiwezi kuandikwa bila hiyo: Pate, Siyu, Faza, na magofu ya Shanga ambayo wachimbuzi wanayarudisha hadi karne ya 8. Watu wa upande wa Pate na Ndau hutegemea visima na majabia, yaani matangi makubwa ya kukinga maji ya mvua. Mvua ikikosekana, jabia ni shimo. Misimu mitano mfululizo ya mvua haba iliyolikumba eneo la Pembe ya Afrika baina ya 2020 na mwanzo wa 2023 iliwakuta wanavisiwa hao wakiwa wamezungukwa na maji pande zote nao wanasubiri maji ya kunywa yaletwe kwa mashua. Naomba msomaji asipite haraka hapo. Mashua ya kubeba maji kwenda kisiwani na mkokoteni wa maji wa Naivasha Road ni chombo kimoja. Bei hupanda kwa sababu moja, na anayelipa zaidi ni yule yule asiye nacho.

Mji wa Amu una bahati kuliko jirani zake, kwa kuwa una vilima vya mchanga vya Shela ambavyo hukinga mvua na kuihifadhi chini. Wanaotaka kujenga majumba ya kifahari juu ya vilima hivyo, wapate kutazama bahari, wanajenga juu ya kopo la maji la mji mzima. Hilo halihitaji mkutano wa dunia kulizuia. Linahitaji serikali yenye uti wa mgongo.

Tukivuka mpaka kuelekea kusini tunakuta habari ile ile kwa sura nyingine. Kisiwani Pemba, maji ya bahari yameingia katika mabonde ya mpunga, na shamba lililolisha jamaa kwa vizazi limegeuka uwanja wa majani ya chumvi. Unguja, akina mama waliokuwa wakipanda mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989 wameona aina yenye bei nzuri ikioza na kufa katika maji ya ufukweni yaliyopata joto. Aina inayostahimili joto ina bei ya chini. Njia iliyobaki ni kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, na wengi wa akina mama hao hawakufundishwa kuogelea. Tena mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda kwa nguvu ya El Niño, matumbawe ya pwani yetu na ya Maldives na Shelisheli yalipauka na mengi kufa. Matumbawe ndiyo ukuta unaoyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukweni. Ukuta ukifa, kisiwa hubaki mlango wazi.

Uaminifu unanilazimu kusema jambo ambalo watetezi wa visiwa hawapendi kulisikia. Si kila ufukwe unaoliwa umeliwa na ongezeko la joto. Kando ya Pangani, Tanzania, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Maziwe, chenye miti, ambapo kasa walitaga mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha, na tangu hapo kisiwa hufunikwa maji yanapojaa, kikabaki fungu la mchanga. Ukataji wa miti ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Vivyo hivyo Lamu. Huko ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mkoko uliokatwa bila kupandwa mwingine ni boma lililobomolewa na mwenye nyumba mwenyewe. Tukisingizia kila kitu viwanda vya Ulaya, tutakosa kuyafanya yale tunayoyaweza. Watu wa Gazi, pwani ya kusini, waliyaweza. Tangu 2013, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakilipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko wanayoilinda, na fedha hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni.

Hata hivyo deni lipo, na lina mwenyewe. Kwa hesabu ya serikali yetu, Kenya hutoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu ya dunia nzima. Mvuvi wa Kizingitini hana sehemu katika asilimia hiyo inayostahili kutajwa. Kwa hiyo misaada inapopelekwa visiwani si sadaka, na anayeipokea hana haja ya kuinamisha kichwa. Mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulikubali kuanzisha mfuko wa fidia ya hasara na uharibifu, na ule wa Dubai mwaka 2023 ukaufungua. Ahadi zilizotolewa ni haba mno zikilinganishwa na uharibifu, na wengi wetu tunajua kutokana na harambee zetu kwamba ahadi si noti. Lakini kanuni imekubaliwa.

Sisi nasi tulikaribia kujitia aibu. Nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, ilikuwa tayari kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko huko Lamu, mahali panapoumizwa na makaa ya wengine. Wananchi wa Lamu walishtaki, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kusikiliza rufani za mazingira likaifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Naisimulia habari hii kwa sababu ilianza kwa watu wa kawaida waliokaa barazani wakauliza maswali.

Na kwa wanafunzi ninayo nyingine iliyo bora zaidi. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika tawi lake la Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, walijiuliza swali darasani: je, sheria ya mataifa inazilazimu nchi kuilinda hali ya hewa? Wangeweza kuliandikia insha, wakapewa alama, wakaenda zao. Badala yake waliipelekea serikali ya visiwa vyao hoja hiyo. Vanuatu ikaichukua, ikatafuta wenzake, na Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali kwa kauli moja kuipeleka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake: nchi zina wajibu wa kisheria, si wa hisani tu, kuzuia madhara hayo, na inayouvunja wajibu huo yaweza kudaiwa fidia. Ilisema pia kwamba dola iliyokwisha kuwa dola haipotezi lazima hadhi yake kwa kuwa ardhi yake imemezwa. Maoni ya mahakama si hukumu yenye askari nyuma yake, na wakubwa wanaweza kuyapuuza. Lakini yalitoka katika dawati la darasa. Kijana wangu wa safu ya nyuma, aliyeuliza mambo haya yanatuhusu nini, alikuwa karibu na wanafunzi wale kuliko nilivyokuwa mimi na jibu langu la undugu.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, Kibera na Kawangware hazijapata vyoo vya kutosha wala mifereji ya uhakika, nawe unatuhubiria visiwa? Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa naishi ndani yake. Lakini tazameni mkondo wa Motoine, unaotoka pande za Dagoretti, karibu na kwetu, ukapita hadi Bwawa la Nairobi chini ya Kibera. Kutoka hapo maji huingia mto Ngong, kisha mto Nairobi, kisha Athi, ambao huitwa Galana na mwishowe Sabaki, nao humwaga katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Mfuko wa plastiki unaotupwa Riruta una njia ya maji mpaka baharini. Na bahari nayo ina njia ya kuja kwetu: bahari iliyopata joto hutoa mvuke mwingi zaidi, na hewa kwa kila digrii moja ya joto huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke huo. Mwaka 2024, mvua za masika zilipofurika, zaidi ya watu 200 walikufa nchini, na mitaa ya kando ya mito ya Nairobi ilisombwa. Kisha serikali ikawaamuru waliokuwa wakiishi mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakafuata.

Hapo ndipo Takwa na Riruta zinapokutana. Watu wa Takwa walikuwa na Shela ya kukimbilia, mwendo wa mashua moja, kwa watu wa lugha na dini yao. Kisima cha Ndau au cha Pate kikifa katika miaka ijayo, vijana watafunga mizigo, na mizigo hiyo haitaishia Amu tu. Itafika Mombasa, na mingine itafika stendi za Nairobi. Mgeni asiye na kitu hutafuta chumba cha kodi ndogo, na katika mji huu vyumba vya kodi ndogo viko mabondeni, kando ya maji machafu. Tutakuwa tumemtoa mtu katika hatari ya bahari tukamlaza katika hatari ya mto, tena mbali na jamaa zake.

Ndiyo maana naona ni makosa kuuacha mlango huu wa somo uwe wa kukariri majina ya nchi za mbali. Visiwa vya Lamu viingie ubaoni kwanza, kisha Pemba, kisha Maldives. Shule zilizoko visiwani zipewe vipimo vya chumvi, ambavyo si ghali, wanafunzi wapime visima vyao kila mwezi na kuandika. Bila daftari la namna hiyo, siku tukienda kudai fidia tutaulizwa ushahidi, nasi tutakuwa na machozi tu. Serikali ya kaunti na ya taifa ziyahesabu majabia, yaliyopasuka yazibwe kabla ya mvua na si baada yake, na vilima vya Shela viachwe viwe vya maji. Shule ya Riruta ibadilishane barua na shule ya Pate. Barua hazina gharama kubwa, na watoto wa pande zote mbili watashangaa jinsi wanavyofanana katika habari ya mitungi.

Nami nimekwisha jiandaa. Jumatatu nitafuta yale maneno ya herufi kubwa na kuchora Takwa. Nitaingia na bilauri, pakiti ya chumvi, na birika la chai ya rangi iliyopoa, isiyotiwa sukari. Nitajaza nusu ya bilauri kwa maji ya chumvi kali, kisha niimimine chai juu yake polepole kupitia mgongo wa kijiko, mpaka darasa zima lione tabaka la kahawia likielea juu ya jeupe bila kuchanganyika. Hapo nitamwita yule kijana mbele, nimpe kijiko, nimwambie akoroge. Kisha nitamwomba anirudishie chai yangu.